Mwalimu Mgeni na Safari ya Kinole

Haki za mgeni kila Mwislamu azijua: siku tatu za takrima, na zinazozidi hapo ni sadaka. Lakini mgeni tunayetaka kumtaja leo si yule wa siku tatu. Ni mgeni aliyekuja kufundisha, akakaa zaidi ya mwaka, akala kwa zamu katika nyumba zetu, na kwa muda wa miezi sita ya mwanzo mtaa mzima ukawa haujui umweke wapi.

Alitufikia Morogoro mwezi wa Shaaban 1445, yaani Februari 2024, akitokea Sudan. Vita vya nchi ile vilianza tarehe 15 Aprili 2023 mjini Khartoum, na watu wengi wa Khartoum wakakimbilia Wad Madani, mji ulio kando ya Mto Nile wa Buluu katika jimbo la Jazira. Yeye alikuwa mwenyeji wa hapo hapo Wad Madani, na nyumba ya wazee wake ilijaa jamaa waliokimbia Khartoum. Kisha tarehe 18 Desemba mwaka ule ule Wad Madani nao ukatekwa, na waliokimbiliwa wakawa wakimbizi. Mama yake na dada yake walikwenda Singa. Yeye alipita Port Sudan na Addis Ababa mpaka kufika kwetu, kwa kuwa kijana mmoja wa hapa alisoma naye zamani katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kule Khartoum, akamwombea nafasi ya kufundisha Kiarabu katika madrasa yetu. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na ushei, mrefu, mkimya, kilemba chake cheupe daima, na Kurani ameihifadhi yote.

Basi kisa kilianza siku ya tatu. Aliwasomea watoto Suratul-Fatiha, na alipofika mahali ambapo sisi husoma kwa kuvuta, "Maaliki", yeye akasoma "Maliki", bila ya kuvuta. Watoto wakaangaliana. Mmoja akanyosha kidole, akasema, "Mwalimu, umekosea." Mwalimu akatabasamu, akarudia vile vile. Jioni ile habari ilikuwa imekwisha kufika majumbani kuwa madrasa imeletewa mwalimu asiyeijua hata Alhamdu.

Wiki haikwisha, vijana wakaongeza la pili: aliposali aliiacha mikono yake ining'inie ubavuni, hakuifunga kifuani. Katika msikiti wenye watu waliozoea madhehebu ya Imamu Shafii, jambo hilo huonekana tangu safu ya nyuma. Vijana wa siku hizi, ambao aghalabu dini yao waipata katika simu kwa vipande vya dakika tatu, wakaanza kunong'ona maneno mazito ambayo hatutayaandika hapa. Aliyenong'ona zaidi alikuwa mmoja katika walimu wetu wenyewe, kijana hodari, mwenye sauti nzuri na moyo wa dini, lakini mwepesi wa kuhukumu. Nyumba nne zikawaondoa watoto wao. Mgeni hakusema neno. Alifundisha, akala alichopelekewa, akarudi chumbani kwake kukaa na simu yake, akingoja habari ambazo mara nyingi hazikuja, kwa sababu mitambo ya simu katika jimbo lao ilikuwa imekatwa.

Ni desturi ya madrasa yetu kwamba walimu husafiri pamoja mara moja kwa mwaka, Jumamosi na Jumapili, baada ya mitihani ya watoto. Hakuna anayeulizwa kama apenda kwenda. Huambiwa siku, huambiwa mchango wake, basi. Mgeni aliambiwa usiku wa Alhamisi kuwa alfajiri ya Jumamosi awe mbele ya msikiti na blanketi lake. Aliuliza twenda wapi, akaambiwa "mlimani". Aliuliza kufanya nini, na kwa hilo hapakuwa na mtu aliyeweza kumjibu sawasawa, maana walimu huenda kula, kusali, kutembea na kulala mahali pengine, na jambo hilo ukilieleza kwa Kiarabu cha vitabuni laonekana halina maana.

Mzee mmoja wa kamati alijaribu kuizuia safari. Ilikuwa Agosti 2024, siku za mwanzo za mwezi wa Safar, Mfungo Tano, na wazee wengi wa pwani na bara huuona mwezi huo ni wa nuksi, hawaoi ndani yake wala hawaanzi safari. Mudiri wetu akamkumbusha kwa adabu kuwa Mtume (S.A.W.) aliikanusha nuksi ya Safar kwa kauli yake mwenyewe. Mzee akasema alijua, ila alitaka tu kuhakikisha kama walimu nao wajua. Wazee wetu hawa hawashindwi neno.

Tulikuwa watu kumi na watatu katika Hiace moja: walimu wanaume saba, walimu wanawake wanne, na waume wa wawili kati yao. Hao wengine wawili walikuwa wajane, nao walifuatana na kaka zao, ambao ni walimu wenzetu. Kabla ya gari kuondoka mudiri alitaka tumteue amiri wa safari, kama ilivyo sunna kwa wasafiri watatu au zaidi. Kila mtu alidhani atajitaja mwenyewe. Akamtaja yule kijana aliyekuwa akinong'ona. Kisha akamwambia mbele ya watu wote kuwa amiri wa safari ndiye mtumishi wa wasafiri, kwa hiyo aliyechoka ni mzigo wake, aliyekosa chakula ni mzigo wake, na mgeni asiyeijua njia wala lugha ni mzigo wake wa kwanza. Kijana akainamisha kichwa. Sisi tulimtazama mudiri, naye alikuwa akiuchunguza mpira wa gari kana kwamba haoni kitu kingine.

Njia ya Kinole yatokea mjini kwa upande wa Bigwa, huipita Kiroka, kisha huiacha barabara ya Matombo na kuanza kupanda mgongo wa mashariki wa Uluguru. Upande huu ndio unaopata mvua za bahari, na maji yake huteremkia Mto Ruvu, ambao ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Mgeni, mtu wa Nile, aliuliza jina la kila kijito tulichokivuka. Amiri alilazimika kujibu, na pale asipojua alilazimika kuwauliza wanawake waliokuwa wakiteremka na matenga ya machungwa vichwani. Njiani kijana mmoja akauliza kama adhuhuri tutaipunguza. Amiri na mgeni wakajibu kwa pamoja, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiarabu, kuwa la. Safari yetu haikufika kilomita 50, na kwa Shafii na kwa Malik pia sala haipunguzwi mpaka mwendo wa marhala mbili, ambao ni kilomita 80 na zaidi. Lilikuwa ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu Shaaban.

Kinole ni nchi ya vivuli. Minazi, michungwa, migomba na mifenesi yasimama pamoja, na chini yake na juu yake mna viungo: pilipili manga ikiparamia miti mingine, mdalasini, karafuu, hiliki katika mabonde yenye unyevu. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima huo twaviona kama vitu vya kawaida. Mgeni alivistaajabia kama mtu aliyeingizwa katika duka la baba yake bila ya kutazamia. Amiri alimshika mkono akawa anamtajia. "Karafuu," akasema. Mgeni akanusa jani, akasema, "Qaranful!" "Hiliki." "Hail!" "Pilipili." "Filfil!" Walipofika kwenye mdalasini, mkulima alichuna ukanda wa ganda la mti akampa. Mgeni akautia kinywani, akafikiri kitambo, kisha akasema kwa Kiarabu kuwa katika vitabu vya kale vya tiba huitwa "dar sini", na kwamba yeye alikuwa akilisoma jina hilo bila ya kujua mti wake wafananaje. Tangu hapo yule mwenye digrii ndiye akawa mwanafunzi, na kijana wetu, ambaye Kiarabu chake alikuwa akikionea haya mbele ya Msudani, akawa anatamka maneno bila ya hofu, maana nusu yake yalikuwa kinywani mwake tangu utotoni.

Mkulima huyo pia alimweleza jambo lililomshangaza zaidi ya viungo: kwamba shamba si lake wala la baba yake, bali ni la ukoo wa mama yake, kwani kwa mila ya Waluguru ardhi hupita upande wa kikeni. Mgeni akataka kujua mirathi ya kisheria yaendaje katika nchi kama hiyo. Hilo ni somo refu, lina machozi ya nyumba nyingi ndani yake, nasi twaona lastahiki makala yake peke yake.

Tulifikia kwa maalim mzee, ambaye alikuwa amepita miaka themanini. Wanawake walikaribishwa nyumba ya binti yake, wanaume barazani. Chakula kilikuwa ugali, kisamvu cha nazi na kuku wa kienyeji. Mgeni, ambaye mjini alikuwa akipelekewa wali kila siku kwa ajili ya heshima, alipouona ugali aliukata kwa vidole kabla ya kualikwa mara ya pili, akasema huu ni asida, na kwamba miezi sita hakuna aliyempa asida. Mwalimu mmoja mwanamke, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga zamu za chakula mtaani, alipopelekewa maneno hayo kule ndani alisema kwa sauti tuliyoisikia sote: "Na wali wangu wote ule!"

Mlimani wakati wa kipupwe usiku una baridi kali. Baada ya Isha uliwashwa moto uani, na mgeni akaomba ruhusa ya kupika kahawa. Aliikaanga mwenyewe, akaitwanga pamoja na tangawizi kwa wingi usio wa kwetu, akawamiminia watu kuanzia kwa mzee hadi dereva. Kisha akaketi akiutazama moto, na hapo ndipo alipozungumza kwa mara ya kwanza zaidi ya sentensi mbili. Alisema kuwa katika chuo alichohifadhia Kurani, ambacho kwao huitwa khalwa, watoto husoma usiku wakiuzunguka moto mkubwa, kila mmoja na ubao wake, na wino wao ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya mgunga. Maalim mzee aliposikia neno la ubao aliinuka, akaingia ndani, akarudi na ubao wake wa utotoni, umekuwa mweusi kwa kuoshwa na kuandikwa. Mgeni aliupokea kwa mikono miwili. Wote wawili hawakuwa na lugha moja iliyokamilika baina yao, ila walioneshana namna ya kuushika.

Amiri akaona hapo pana nafasi. Twamsifu kwa hilo, maana angaliweza kunyamaza na kuendelea kunong'ona mjini. Akamwuliza mzee waziwazi, mbele ya mgeni, juu ya "Maliki" ile isiyovutwa: je, sala ya mtu asomaye hivyo ni sahihi?

Mzee hakujibu. Alimtuma mjukuu wake kisanduku cha vitabu, akatoa Tafsiri ya Jalalain yenye majani yaliyolegea, kitabu ambacho hakuna darsa ya pwani isiyokijua, akamfungulia kijana mahali pake akamwambia asome kwa sauti. Kijana akasoma. Ndani ya maelezo ya sura ile ya kwanza zimo qiraa zote mbili: moja yenye maana ya Mfalme wa Siku ya Malipo, na moja yenye maana ya Mwenye kuimiliki. Kijana akasoma tena, polepole. Kitabu hicho alikuwa nacho nyumbani kwake.

Ndipo mzee alipotukumbusha kisa kilichomo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim. Sayyidna Umar (R.A.) alimsikia Hisham bin Hakim akisoma Suratul-Furqan kwa namna asiyofundishwa yeye. Karibu amrukie ndani ya sala. Alimngoja hata akatoa salamu, akamkamata kwa nguo yake na kumburuta mpaka kwa Mtume (S.A.W.). Mtume akaamuru Hisham aachiliwe, akamwambia asome. Akasoma, naye akamkubalia kuwa ndivyo ilivyoteremshwa. Akamwambia Umar asome. Akasoma, naye akamkubalia vile vile. Mzee akasema kuwa kila mara afikapo hapo yeye huitazama ile nguo mkononi mwa Umar, maana hasira yake ilikuwa ya haki na mtu aliyemkamata alikuwa na haki, na tofauti ni kwamba Umar alimpeleka mwenzake kwa mwenye kujua, hakumpeleka sokoni.

Mgeni naye akaeleza yaliyobaki. Wanavyuoni walizipima qiraa kwa isnadi, na Ibn Mujahid wa Baghdad, aliyefariki mwaka 324 wa Hijra, aliandika kitabu juu ya saba zilizo mashuhuri. Sisi wa Afrika ya Mashariki twasoma kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi duniani, hasa baada ya msahafu uliopigwa chapa Cairo mwaka 1924. Watu wa Morocco, Algeria na Afrika ya Magharibi wana Warsh, wa Libya wana Qalun, na katika Sudan wengi walirithi Duri kutoka kwa Abu Amr wa Basra. Kiwanda cha Madina cha kuchapa misahafu, kilichofunguliwa mwaka 1984, huzitoa zote nne. Akafungua mfuko wake, akatoa msahafu wa Duri uliochapwa hapo Madina, ukazunguka mikononi mwa walimu mpaka kwa dereva. Tulioushika tulikuwa watu wa miaka hamsini na zaidi, tumefundisha Kurani maisha yetu yote, na wengi wetu hatukupata kuushika mwingine kama huo.

Juu ya mikono maneno yalikuwa mafupi. Mgeni alisema ni kauli mashuhuri ya madhehebu ya Malik katika sala ya faradhi. Amiri, ambaye si mtu wa kushindwa upesi, akasema kuwa katika Muwatta ya Malik mwenyewe imo hadithi ya kuweka mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Mgeni akacheka kwa furaha, akasema ni kweli, na kwamba Wamaliki wenyewe wamejadiliana juu yake zaidi ya miaka elfu, na wako kati yao wanaofunga. Mzee akaongeza kuni, akasema kuwa Imamu Shafii alikuwa mwanafunzi wa Imamu Malik pale Madina, aliihifadhi Muwatta kabla ya kukutana naye, akamkhalifu katika mengi, wala hakuacha kumtaja kwa heshima ya mwalimu. Watu wakaenda kulala.

Alfajiri mgeni alikuwa hayupo barazani. Wala amiri hakuwapo. Tulikuja kujua kuwa kijana alikwisha kuelewa sababu ya mgeni kuishika simu muda wote, na kwa kuwa pale nyumbani kwa mzee hapakuwa na mtandao, alimwamsha usiku wa manane wakapanda pamoja mpaka mgongo wa mlima mahali ambapo wenyeji husema simu hushika. Wad Madani ulipotekwa mama yake alikwenda Singa, nasi tumekwisha kulitaja hilo. Lakini Singa nao ulitekwa mwishoni mwa Juni 2024, na tangu siku ile, wiki sita nzima, hakusikia habari yake wala ya dada yake. Alikuwa akifundisha watoto wetu sarufi katika hali hiyo. Kule mgongoni simu ilishika, na sauti ya dada yake ikaingia, fupi, iliyotumwa siku tatu kabla: wamefika Gedaref, mama yu hai, miguu yake imevimba. Waliporudi amiri ndiye aliyetuambia, kwa sababu mwenyewe alishindwa. Walimu wanawake wakamwombea dua kutoka ndani, na sisi nje tukaitikia amina.

Jumapili hiyo hatukupanda mahali popote palipopangwa. Mgeni alikwenda shambani na mkulima, akachimba magimbi mpaka adhuhuri, na wala hakuna aliyemzuia kwa kuwa ni mgeni.

Mjini kamati ilikaa siku ya Jumanne. Wako waliotaka watoto wafundishwe qiraa zote mbili, kwa kuwa sasa zimejulikana. Mgeni ndiye aliyelikataa hilo. Alisema mtoto hufundishwa riwaya moja mpaka iimarike, na kwa kuwa misahafu ya watoto wote ni ya Hafs, yeye katika darsa ya Kurani atasoma kwa Hafs, ambayo pia ameihifadhi, na ya kwao ataisoma katika sala zake. Amiri wetu alijitwika kazi ya kuziendea zile nyumba nne, na Jalalain mkononi. Nyumba tatu zikawarudisha watoto. Ya nne ilikuwa imekwisha kumpeleka mtoto chuo kingine, naye aendelea vizuri huko, na baba yake twasalimiana kila Ijumaa.

Jeshi la Sudan liliurudisha mkononi mji wa Wad Madani tarehe 11 Januari 2025. Mgeni alikaa nasi Ramadhani ile, akasali Idi pamoja nasi, na katika Aprili akaondoka kwenda kumpokea mama yake. Alichukua kilo mbili za mdalasini wa Kinole na kinu kidogo. Msahafu wake wa Duri alimwachia amiri. Kijana amekwisha kufika Suratul-Anam, akisomeshwa kwa simu kila usiku wa Alhamisi baada ya Isha, na anapokosea twamsikia mwalimu wake kutoka upande wa pili akimkatiza kwa Kiswahili: "Rudia."